Mwenye mbeleko aingie: Makumbusho na mtoto aliye mgongoni

NATIONAL Gallery of Art, jumba la sanaa la taifa lililoko Washington, Marekani, lina sharti moja ambalo mgeni hulikuta kabla hajaona picha hata moja: hakuna kubeba kitu mgongoni. Begi la mgongoni livaliwe kifuani au likabidhiwe kwa watunza mizigo. Mtoto naye hali kadhalika. Kibebeo laini kisicho na fremu kinaruhusiwa, ilimradi kiwe mbele, na mzazi anayeona tabu huazimwa kigari bila malipo karibu na mlango.

Lichukue sharti hilo ulibandike Jumamosi asubuhi kwenye geti la Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, kando ya Barabara ya Bagamoyo. Wa kwanza kurudishwa atakuwa mama kutoka Tandale aliyekuja na watoto watatu, wawili wamemshika kanga na wa tatu amelala mgongoni. Wa pili atakuwa bibi wa Mbagala aliyebadilisha daladala njiani ili mjukuu wake akaone ngoma. Wa tatu ni dada wa kazi aliyeachiwa mtoto na bosi wake, mwenye kitenge kilichokazwa mpaka hakuna upepo unaopita. Ukimwambia yeyote kati yao amhamishie mtoto kifuani atakutazama kwanza ajue kama unatania.

Jijini Dar es Salaam mgongo ndio mahali pa mtoto. Ndipo anapolala sokoni Tandika, ndipo anapokaa kwenye foleni ya kliniki Mwananyamala, ndipo anapopanda na kushuka daladala. Kigari hakina njia kwenye vichochoro vya Manzese wala kwenye mchanga wa Buza, na konda wa Temeke hana pa kukiweka. Makumbusho yanayotaka wakazi wa jiji hili waingie ni lazima yaamue, kwa maandishi, yanamtazamaje mtoto aliyebebwa hivyo. Yasipoamua yenyewe, ataamua mlinzi wa zamu.

Kwa nini mgongo unaogopwa

Tuanze kwa kuwatendea haki waliotunga sharti la Washington, maana hawakulitunga kwa chuki. Mtu anaujua upana wa mabega yake kwa mazoea. Akiongezewa kitu nyuma, anausahau. Anageuka ghafla kumwita mwenzake, na kile kilicho nyuma yake kinazunguka naye na kugonga kilichopo ukutani. Vibebeo vinavyotumika sana Ulaya na Marekani kwa matembezi marefu vina fremu ya chuma chepesi na kiti kinachochomoza nyuma. Mtoto hukaa juu, mikono yote miwili ikiwa huru, mahali ambapo aliyembeba hawezi kumwona.

Kila aliyelea anaijua mikono ya mtoto wa miezi kumi. Hung'oa hereni, huvua kofia ya mlinzi, huvuta ushungi wa abiria wa kiti cha mbele. Mpitishe karibu na kinyago kilichotundikwa bila kioo na atakikamata kabla hujamaliza kusoma maelezo yake. Hiyo ni hatari ya kweli, na makumbusho yana wajibu wa kuilinda mali ambayo haina mbadala.

Lakini mbeleko si fremu ya chuma. Mama huinama, akamlaza mtoto mgongoni, akamfunika kanga, akapitisha ncha moja juu ya bega na nyingine chini ya kwapa, kisha akakaza fundo kifuani. Mtoto mchanga hufungwa mikono ikiwa ndani. Mwili wake unashikana na wa mama, na upana unaoongezeka nyuma ni mdogo kuliko wa begi la mwanafunzi wa sekondari lililojaa madaftari. Sharti la Washington lenyewe linatofautisha kilicho laini na chenye fremu. Anayeiga kanuni za ughaibuni aige na tofauti hiyo.

Nani huvunja?

Ukipitia ajali zilizotikisa makumbusho ya dunia katika miaka ya karibuni, mtoto wa mgongoni haonekani sana kwenye orodha ya watuhumiwa. Januari 2006 katika Fitzwilliam Museum, Cambridge, mwanamume mtu mzima alijikwaa kwa kamba ya kiatu chake kwenye ngazi, akaangukia vyungu vitatu vya China vya enzi ya Qing vilivyokuwa vimewekwa dirishani. Vyote vitatu vilivunjika vipande vipande. Januari 2010 mwanamke aliyekuwa darasani katika Metropolitan Museum, New York, alipoteza mizani akaiangukia picha ya Picasso iitwayo The Actor na kuichana kwa takriban sentimeta 15. Wote walikuwa watu wazima, na lililowaangusha ni miguu yao wenyewe.

Watoto nao wamo, tusifiche. Agosti 2024 mtoto wa miaka minne katika Hecht Museum, Haifa, aliuvuta mtungi wa miaka isiyopungua 3,500 ili aone kilichomo ndani, ukaanguka na kuvunjika. Mtungi huo ulikuwa umewekwa karibu na mlango bila kioo, kwa kuwa makumbusho hayo yanapenda vitu vionwe bila kizuizi. Uongozi haukumwadhibu. Uliialika familia irudi, mafundi wakauunga mtungi, na hapakuwekwa marufuku ya watoto. Zingatia pia kwamba mtoto huyo alikuwa akitembea kwa miguu yake. Angekuwa mgongoni kwa mama, mtungi ungekuwa salama.

Hapa kwetu hasara kubwa zimetoka kwingine kabisa. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883 Forodhani, Zanzibar, na ambalo baadaye lilikuwa makumbusho, liliporomoka sehemu yake Desemba 25, 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Hakuna mbeleko iliyoliangusha. Urithi wetu unamalizwa na mvua, mchwa, chumvi ya bahari na uchakavu ulioachwa muda mrefu. Ukitaka kuulinda, anza na paa.

Hatari ilipo hasa

Kijiji cha Makumbusho si jumba la vioo. Kilianzishwa katika miaka ya 1960 na ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa la Tanzania. Nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa uwanjani kwa ukubwa wake halisi, kwa miti, udongo na nyasi. Upo msonge wa Wahaya ambao nyasi zake hushuka karibu kufika chini, zipo tembe zenye paa bapa la udongo, ipo nyumba ya Wazaramo, wenyeji wa pwani hii. Mgeni hatazami kwa mbali. Anaingia, anapapasa ukuta, anaona mahali pa moto na mahali pa kulala.

Na hapo mlangoni ndipo penye shughuli. Mlango wa msonge ni mfupi. Watoto wa shule hupita wakicheka, mtu mzima huinama. Mama mwenye mtoto mgongoni naye huinama, lakini kipimo anachotumia ni kichwa chake mwenyewe, na akishainama kilicho juu kabisa si kisogo chake tena, ni kichwa cha mtoto. Mzoefu husimama kwanza. Hupeleka mkono nyuma akakishika kichwa cha mwanawe, akapiga magoti kidogo badala ya kukunja kiuno, kisha akapita kiubavu. Mwingine hulegeza fundo na kumzungusha mtoto mpaka ubavuni, akaingia amemkumbatia. Ndani kuna giza baada ya jua kali la nje, macho hayajazoea, na sakafu ya udongo ina mabonde yake.

Katika mazingira hayo anayehitaji kulindwa zaidi ni mtoto kuliko nyumba. Sharti la Washington linauliza: mgeni huyu atagonga nini? Kijitonyama swali ni jingine: mgeni huyu atagongwa na nini? Kanuni nzuri huanza kwa kuuliza swali la mahali ilipo. Mwongoza wageni anayesimama mlangoni na kusema, "Mama, hapa ni pafupi, mlete mbele kwanza," amefanya kazi kubwa kuliko bango lenye maneno mia moja.

Katikati ya jiji, Mtaa wa Shaaban Robert, hali ni tofauti. Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni yalifunguliwa kwa umma mwaka 1940 yakiwa na jina la Mfalme George wa Tano. Huko kuna makabati ya vioo, ngazi, na kumbukumbu ya Zinjanthropus, fuvu alilolivumbua Mary Leakey Olduvai Julai 17, 1959, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Kwenye vyumba vya namna hiyo mtoto mwenye mikono huru anastahili kuangaliwa, na begi kubwa la mgongoni linastahili kubaki mapokezi. Lakini begi halilii, halinyonyi, na halina haki ya kuona fuvu la Olduvai. Kuviweka begi na mtoto katika mstari mmoja wa kanuni ni uvivu wa mwandishi wa kanuni.

Kanuni isiyoandikwa

Sehemu nyingi za umma katika Afrika Mashariki hazina bango la kumkataza mwenye mtoto. Kuna macho ya mlinzi, kuna "subiri kidogo dada," kuna "huyo akilia itakuwaje?" Mama aliyetoka Chamazi na nauli ya kwenda na kurudi tu haanzi mabishano. Anageuka, anarudi kituoni, na hesabu ya wageni wa siku ile haionyeshi kwamba alifika.

Mfano uliojulikana kuliko yote katika ukanda wetu ulitokea Nairobi. Agosti 7, 2019, Zuleikha Hassan, mbunge mwakilishi wa wanawake wa Kaunti ya Kwale, aliingia katika ukumbi wa Bunge la Kenya akiwa na mtoto wake wa miezi mitano. Alisema alipata dharura na hakuwa na wa kumwachia. Aliyekuwa akiongoza kikao alimwamuru atoke, kwa kuwa kanuni za bunge haziruhusu mgeni kuwepo ukumbini, na mtoto akahesabiwa mgeni. Baadhi ya wabunge wanawake walitoka naye. Wakati huo Kenya tayari ilikuwa na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inayowataka waajiri kutenga chumba cha kunyonyeshea. Sheria ilikuwepo. Aliyetunga kanuni za ukumbi hakumfikiria mama.

Wakubwa wa makumbusho nao wameumbuka. Agosti 2017 mama mmoja alilalamika kwamba aliambiwa ajifunike alipokuwa akinyonyesha katika Victoria and Albert Museum, London, jumba lililosheheni sanamu za wanawake wenye vifua wazi. Mkurugenzi wake, Tristram Hunt, aliomba radhi hadharani, akaeleza kwamba kanuni ya makumbusho yake inamruhusu mama kunyonyesha popote anapojisikia. Kanuni ilikuwepo, ila haikuwa imemfikia mtu wa zamu.

Kwa upande wetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha muda usiozidi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Sheria hiyo inamtazama mama akiwa kazini. Mama aliyetoka kutembea, aliyelipa kiingilio kwa hela yake, hana pa kushika isipokuwa busara ya aliyemkuta getini.

Mbeleko ni urithi

Kuna kichekesho hapa ambacho wenye makumbusho wanapaswa kukiona kabla ya wageni wao. Kitu ambacho kanuni ya kigeni ingemtaka mama akifungue getini kinastahili kuwekwa ndani na kuandikiwa maelezo.

Katika ndoa za pwani, bwana harusi hutakiwa kumtolea mama wa binti vitu vyake mbali na mahari: mkaja, ambao ni nguo ya kukaza tumbo baada ya uzazi, na mbeleko, kwa kuwa alimbeba binti huyo mgongoni. Siku hizi hulipwa kwa fedha taslimu ndani ya bahasha, lakini washenga bado huvitaja kwa majina, na wazazi wa kike bado huviulizia. Wazaramo nao humpa mwali aliye ndani mwana hiti, kinyago kidogo cha mti chenye kichwa na kiwiliwili bila miguu wala mikono, akitunze kama mtoto kabla hajapata wa kwake. Mwana hiti wamechukuliwa kwa wingi na leo wamo kwenye makabati ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mtoto wa mti amepata nafasi ya heshima nyuma ya kioo. Mtoto wa nyama na damu hawezi kuwa tatizo mlangoni.

Turudi nyuma zaidi. Makumbusho hujaa mawe yaliyochongwa kwa sababu jiwe haliozi. Mwaka 1976 wanaanthropolojia Nancy Tanner na Adrienne Zihlman walitoa hoja kwamba miongoni mwa zana za mwanzo kabisa za binadamu huenda ilikuwepo ya kubebea mtoto, iliyomwachia mama mikono yake akachimba mizizi na kukusanya chakula. Ngozi na nyuzi huoza, hivyo hakuna atakayeichimbua Olduvai. Lakini mtu anayelitazama fuvu la Zinjanthropus akiwa na mwanawe mgongoni huenda amevaa sehemu ya maonesho iliyokosekana.

Hata hospitali imerejea huko. Njia ya kangaruu, ya kumbeba mtoto njiti ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama, ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulitangazwa mwaka 2021: kuanza njia hiyo mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali ya mtoto itulie kwanza, kulipunguza vifo vya watoto hao kwa takriban robo. Kumbeba mtoto karibu na mwili ni jambo ambalo bibi wa Mbagala hakuhitaji kuelezwa.

Yafanyike haya

Agosti 2022, katika mkutano wake wa Prague, Baraza la Kimataifa la Makumbusho lilipitisha tafsiri mpya ya makumbusho ni nini. Humo mna sharti kwamba makumbusho yawe wazi kwa umma, yafikike, na yasimbague mtu. Kwa Dar es Salaam, mkoa ambao sensa ya mwaka 2022 iliukuta na watu 5,383,728, kutimiza hilo hakuhitaji mradi wa wafadhili. Rangi, ubao na benchi vinatosha kuanzia.

Kwanza, kanuni iandikwe kwa Kiswahili kikubwa getini: mzazi au mlezi mwenye mtoto kwenye mbeleko, kanga, kitenge au kibebeo laini anakaribishwa, mbele au mgongoni. Iseme mzazi au mlezi, isiseme mama peke yake, maana siku hizi akina baba nao huonekana Mlimani City mwisho wa wiki na vibebeo vya mikanda vifuani, na hawapaswi kujiuliza kama wamekosea mlango.

Pili, begi la mgongoni na kibebeo chenye fremu ngumu viwe na kifungu chao. Vikabidhiwe mapokezi kwa namba, na mwenye kibebeo cha fremu aazimwe kanga. Washington wanaazima vigari. Sisi tuna doti.

Tatu, kila mlango mfupi uwekewe alama inayoonekana kabla ya kuinama, na mwongoza wageni afundishwe kulisema jambo hilo kwa mdomo, kwa heshima, kama anavyomwambia mama yake mzazi. Kwenye vyumba vyenye vitu visivyo na kioo, aombwe mwenye mtoto amlete mbele kwa dakika zile tu, na aelezwe sababu.

Nne, pawepo benchi kivulini, maji ya kunawa, na mahali pa kumbadilisha mtoto nepi. Anayetaka kunyonyesha hapo anyonyeshe, anayetaka kunyonyesha mbele ya ngoma naye aachwe.

Tano, na hili ndilo zito, mlinzi wa getini asiachiwe kuamua peke yake nani aingie. Apewe kanuni mkononi, aisome, aulizwe maswali juu yake, kama anavyofundishwa namna ya kukata tiketi. Malalamiko yakija, aulizwe aliyemkabidhi lindo bila kanuni.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Daladala zenye maandishi ya "Makumbusho" kwenye kioo cha mbele hupita Dar es Salaam alfajiri hadi usiku, zikishusha maelfu ya watu mita chache kutoka kwenye nyumba hizo za nyasi. Wengi wao wanalijua jina la kituo na hawajawahi kuingia ndani. Wazazi wenye watoto wadogo ndio wepesi kuwapata kuliko wote, kwa sababu wanatafuta pa kuwapeleka watoto siku ya mapumziko pasipo bei ya baharini. Mtoto aliyeingia makumbusho akiwa mgongoni hatakumbuka alichokiona, lakini aliyembeba atakumbuka alivyopokewa, na ndiye atakayeamua kama familia itarudi.

Kwa hiyo uongozi wa Makumbusho ya Taifa, na wa kila makumbusho madogo yanayochipuka mikoani, uandike kanuni yake sasa, kabla haijaletwa nyingine iliyotungwa kwa ajili ya majumba ya wengine. Na wewe unayesoma haya ukiwa na mtoto nyumbani: Jumamosi ijayo kaza fundo, panda gari, nenda. Ukiulizwa getini, uliza nawe kwa adabu kanuni imeandikwa wapi.